Shahidi Aliyegeuza Mgongo

Baba mkwe wangu simjui sura. Nasema hivyo nikijua kuna watakaocheka, maana nimeolewa nyumbani kwake miaka mingi na wanangu, watu wanasema, wamefanana naye. Mimi nakubali kwa kuambiwa tu. Kikohozi chake nakijua. Viatu vyake vya mvua navijua, na redio yake, na jinsi anavyovuta kigoda badala ya kukinyanyua. Uso, hapana. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana, yaani nkamwana, hamtazami baba wa mumewe, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye hamsemeshi. Wa mjini wengi wameshaacha mambo hayo. Familia niliyoolewa haijaacha, na mimi sikuolewa ili nikawafundishe watu namna ya kuishi. Kazi ya kufundisha naifanya shuleni na inanichosha vya kutosha.

Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu, nimepanga mtaa wa Bagamoyo, hapahapa mjini. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, kapangiwa mkoa wa mbali, tunaonana likizo kwa likizo. Darasani kwangu kuna mtoto mwenye jina la mzee. Wenzake nawaita majina yao, yeye namwita kwa jina la baba yake. Mwanzoni alidhani nimemchukia, ikabidi nimweleze mama yake.

Jumamosi huenda Lufingo kwa wakwe zangu kusaidia kazi. Jumamosi moja mama mkwe alikuwa amepeleka ndizi sokoni, nikabaki mwenyewe. Nikainjika maharage jikoni, jiko letu la nje, nikasema yakichemka nitatoka nikachote maji bombani niongeze. Sasa bomba liko upande wa pili wa uwanja. Nikiwa bado napuliza moto, nikasikia kikohozi, kigoda kikaburuzwa, redio ikawashwa. Mzee kakaa katikati ya uwanja, kati ya mlango wa jiko na bomba.

Jamani, nilisubiri. Nilichungulia chini ya mlango nikaona viatu vya mvua vimetulia, havina dalili ya kwenda popote. Taarifa ya habari ikaisha, ukaja mpira, mpira ukaisha. Maharage yakaanza kunukia, halafu yakaanza kunuka. Ningepita wapi? Nyuma ya jiko kuna ukuta wa udongo na nyuma ya ukuta kuna korongo. Nilimsonya mzee wa watu kimoyomoyo hadi nikajionea aibu. Mvua ilipoanza, akabeba redio akaingia ndani, nikatoka mbio. Nimechelewa. Maharage yalikuwa yameshikana na sufuria kabisa. Nikayafukia nyuma ya jiko, nikasugua sufuria kwa majivu, na mama mkwe aliporudi nikamwambia nimeona leo tule ndizi. Mwanamke mzima, mwalimu, nikaseme nimeunguza maharage? Sikumwambia mtu.

Jioni hiyohiyo zikaja habari kwamba miche ya parachichi ya jirani imekatwa yote kwa panga. Jirani huyo anapakana na baba mkwe, na ile miche alikuwa ameipanda hadi ikavuka mpaka. Mzee alikuwa ameshasema mbele ya watu, kwa hasira, kwamba miche hiyo haitazaa. Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Jirani akasema mchana ule, kabla ya mvua, alimwona kwa mbali mtu mwenye koti na viatu vya mvua akitoka shambani. Sasa Lufingo, kwa baridi yetu na tope letu, nani hana koti na viatu vya mvua? Lakini mzee akakamatwa, akashtakiwa kwa kuharibu mali, kosa ambalo mtu anaweza kufungwa miaka kwa ajili yake.

Dhamana alipata. Akaiharibu mwenyewe, na kwa sababu ambayo Mnyakyusa yeyote angeielewa. Siku ya kesi ikaangukia kwenye mazishi ya rafiki yake huko Lupepo, mtu aliyekua naye tangu ujana. Mzee akaenda kuzika. Hakumwambia karani, hakumtuma mtu, alijua tu kwamba mtu akiwa msibani husubiriwa, hata mikutano ya kijiji huahirishwa. Mahakama haikusubiri. Ikatoka hati ya kumkamata, dhamana ikafutwa, akapelekwa mahabusu. Nilikasirika naye hapo, nikakasirika na mahakama, halafu nikakaa nikalia, maana ni mtu mzima na kifua chake si kizuri.

Mama mkwe akaja Bagamoyo kunitafuta. Hakuzunguka. Akasema siku ile wewe ndiye uliyekuwepo nyumbani, hakuna mwingine, mzee akifungwa atafia ndani. Nikamwambia mama, mimi nitasimamaje chumba kimoja na baba? Nitamtajaje? Naye hilo analijua. Halafu akasema kwamba siku hizi mahabusu hawaletwi. Wanabaki gerezani, kesi inasikilizwa kwa mtandao. Hutakuwa naye chumba kimoja, akasema.

Sikufichi, nilishukuru maendeleo. Nilikuwa nimesikia mambo mengi ya mahakama za siku hizi, kwamba kesi hufunguliwa kwa kompyuta, kwamba mwenendo na hukumu huandikwa kwa Kiswahili badala ya kile Kiingereza kilichokuwa kinatuacha tunatazamana. Nikasema serikali ikiamua, huwa inaamua. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Shahidi husubiri nje, hasikilizi wenzake. Kwa hiyo sikujua mzee alisema nini katika utetezi wake. Nilipoitwa nikaingia, nikapanda kizimbani, nikainua macho, na loo! Ukutani kulikuwa na runinga kubwa, na ndani yake mtu mzima wa koti, amejaa kioo chote. Sikungoja kuona zaidi. Niligeuka nikaupa ukuta ule mgongo, nikabaki natazama dirisha. Na kule kwenye runinga, nikaambiwa baadaye na mama mkwe aliyekuwa kwenye mabenchi, mzee naye alikuwa amevuta koti hadi kichwani, akageukia ukuta wa gereza. Huko nyumbani tungeingia migombani yakaisha. Pale hapakuwa na mgomba.

Hakimu ni mama wa makamo, mgeni huku, lafudhi yake ya pwani. Aliniuliza kwa upole mbona nimegeuka. Nikasema ni heshima, mheshimiwa. Akaniruhusu niape hivyohivyo, Biblia mkononi, macho dirishani. Akaniuliza namfahamu mshtakiwa, nikasema ni baba wa mume wangu. Jina lake? Nikasema siwezi kulitaja. Mwendesha mashtaka, kijana aliyevaa suti, akaandika kitu. Nikaulizwa sasa nimejuaje kwamba ni yeye pale kwenye runinga ikiwa sijamtazama. Kwa bahati mzee akakohoa. Nikasema, huyo. Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha.

Kwa kuwa mzee hana wakili, hakimu aliniambia nieleze mwenyewe ninachokijua. Nikaeleza kwamba siku ile baba alikaa uwanjani kuanzia mchana mpaka mvua, hakuinuka. Sikutaja maharage. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale nyuma yangu na mimi bado nilikuwa na kiburi changu. Nilisema tu kwamba nilikuwa jikoni, nikaviona viatu vyake chini ya mlango.

Kijana wa suti akasimama. Maswali yake yalikuwa mafupi.

"Shahidi, siku hiyo ulimwona mshtakiwa kwa macho yako?"

Nilikuwa nimeapa. Nikasema, "Sikumwona."

"Sura yake uliiona?"

"Sijawahi kuiona."

Akamwambia hakimu hana swali zaidi. Akaongeza kwamba mahakama imejionea yenyewe shahidi na mshtakiwa walivyoshindwa kutazamana, na kwamba mtu mkweli hageuzi mgongo. Nikataka kujibu, nikaambiwa ninyamaze. Nilitoka nyumbani kwenda kumtoa mzee, na nimemfunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeeleza habari za viatu nilivyoviona chini ya mlango, lakini nilieleza vibaya, maneno yakagongana, na viatu vyenyewe ndivyo vilevile vya Lufingo nzima.

Hakimu akaigeukia runinga, akasema mshtakiwa ana haki ya kumuuliza shahidi wake swali, kama analo. Mzee akasema, sauti ikitoka chini ya koti, kwamba anaomba mheshimiwa amuulizie. Hakimu akamwambia hapana, swali ni lake, amuulize mwenyewe. Karani, dada mmoja wa hukuhuku kwetu, akainama mezani. Yeye alijua anachoombwa mzee. Mimi nilishika ukingo wa kizimba na kuomba Mungu asiseme kitu, na papo hapo nikaomba aseme.

Kikasikika kikohozi. Halafu sauti ya baba mkwe wangu, ikinijia mimi, kwa Kiswahili chake cha milimani:

"Mama. Yale mahalage, yaliungua?"

Machozi yalinitoka kabla ya jibu. Nikasema ndiyo, baba, yaliungua.

Hakimu akauliza ni maharage gani hayo, mbona hayakutajwa na mtu. Ndipo nikayamwaga yote, moto, bomba, kigoda, sufuria. Akauliza nilipeleka wapi yaliyoungua, nikasema niliyafukia nyuma ya jiko ili mama mkwe asijue. Nyuma yangu nikamsikia mama mkwe akivuta pumzi. Hakimu akamuuliza mzee yeye alijuaje. Mzee akasema alisikia harufu. Akasema alijua nimo jikoni, na akaogopa kwamba akiinuka wakati mimi nakimbilia maji tutagongana uwanjani uso kwa uso. Kwa hiyo akakaa. Alikuwa anataka kwenda kufunga ng'ombe, akakaa. Mimi nimefungiwa na yeye, na yeye kafungiwa na mimi, mchana kutwa.

Kijana wa suti hakukubali. Akasema hawa wanaishi uwanja mmoja, hadithi ya maharage wangeweza kuipanga. Hakimu akaniuliza mara ya mwisho nilizungumza na mshtakiwa lini kuhusu jambo hilo.

Nikasema, "Hatujawahi kuzungumza, mheshimiwa. Hilo swali la maharage ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu niolewe."

Hakimu akaacha kuandika. Akamtazama karani, karani akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, wazee wetu wako hivyo. Hata kijana wa suti akakaa chini polepole.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma kadhaa. Niliomba nakala na nimeisoma mwenyewe, bila kutafsiriwa na mtu. Imeandikwa kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha shtaka bila kuacha shaka, kwamba mtu aliyeonekana kwa mbali hakutambuliwa, na kwamba mahakama inamwamini shahidi wa utetezi kwa sababu mkwe anayelazimika kumkwepa mtu siku nzima ndiye anayejua zaidi mtu huyo yuko wapi. Maharage yametajwa humo, na sufuria. Mzee akaachiwa huru. Aliyekata miche ile hajajulikana mpaka leo, na jirani hatusalimii.

Mama mkwe kuhusu sufuria hajaniambia kitu, ila siku hizi nikipika huja kufunua kifuniko.

Jumamosi iliyofuata hukumu nilikwenda Lufingo nikiwa na moyo mwepesi. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea kusalimiwa. Mtu ameshaniita mama mbele ya mahakama nzima, nimeshamwita baba akasikia, nikaona basi, ukuta umeanguka. Nikamkuta njiani karibu na nyumba. Nilijua ni yeye kwa viatu. Nikapunguza mwendo, kwa mara ya kwanza sikuingia migombani. Akakohoa, akageuka, akaingia yeye, akasimama humo akiwa amenipa mgongo mpaka nipite. Niliumia. Nikasema moyoni, kumbe lilikuwa neno la mahakamani tu, kama kiapo, ukishuka kizimbani umeliacha hukohuko. Nikapita zangu nimenuna, nikaingia uwanjani nikitupa mkoba, nikaenda jikoni kuwasha moto.

Mlangoni mwa jiko kulikuwa na ndoo ya maji. Imejaa hadi juu, imefunikwa kwa jani la mgomba. Mama mkwe alikuwa sokoni tangu asubuhi, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.