Shangazi wa Dakika Kumi

Miaka saba Peris alipika chapati katika hoteli ya Mukhisa, nyuma ya soko la Bungoma, na hakuna aliyewahi kumuuliza karatasi. Kwao ni ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, ambako mtu huvuka mpaka kununua chumvi akarudi kabla maji hayajachemka. Kwa lugha ya nyumbani alielewana vizuri na Mukhisa, hata Mukhisa alipokuwa akimtukana. Kibali cha kazi wote wawili walikiogopa, kwa hivyo hawakukitaja.

Basi Rosaline, shemeji yake Mukhisa, akafika kutoka Kitale na cheti cha upishi kilichotiwa fremu. Jumatatu asubuhi Peris alimkuta jikoni, ameshika kifimbo cha kusukumia chapati.

“Mama Viola,” Mukhisa alisema akitazama dari, “si unajua wewe ni mtu wa Uganda? Huna kibali. Sheria hairuhusu.”

“Na jana?”

“Jana sheria ilikuwa imelala, bana.”

Viola, binti yake Peris, alikuwa muhula wa mwisho kwenye chuo cha ushonaji kule Kitale. Kazi ya jikoni ikipotea, Viola angerudi nyumbani akijua kushona mkono mmoja wa shati. Ndiyo maana Alhamisi Peris, ambaye akiona askari hubadilisha njia hata kama amebeba nyanya tu, alijipeleka mwenyewe katika ofisi ya kazi. Alichagua kiti kilicho karibu na mlango.

Afisa aliitwa Wakiuru, mzaliwa wa Kitale, mama mwenye miwani na haraka kidogo sana. Alimpigia Mukhisa simu, naye akaja amevaa koti la harusi.

“Madam, huyu ni mgeni,” alianza. “Hana kibali. Mtu asiye na kibali hana kazi ya kufutwa.”

Wakiuru akachukua kalamu. “Kwa hivyo umeajiri mgeni bila kibali miaka saba. Hilo ni kosa la mwajiri pia. Mukhisa unaandika na K-H?”

Mukhisa akakohoa. Peris alikijua kikohozi hicho; ndicho kilichotoka kila mteja alipopata kitu ndani ya supu.

“Hujaniacha nimalize, madam. Huyu ni shangazi yangu. Dada ya baba. Mkenya kabisa. Pale jikoni alikuwa anatusaidia tu, mambo ya jamaa.”

Peris nusura acheke. Uraia ulikuwa mezani, umetolewa upesi kuliko kikombe cha chai. Akiitikia, hakuna atakayempeleka mpakani. Lakini shangazi anayesaidia hafutwi, na harudishwi kazini.

“Shangazi yako anaitwa nani?” Wakiuru akauliza.

“Mama Viola.”

“Huyo ni mama ya Viola. Yeye mwenyewe?”

“Kwetu shangazi hatajwi jina. Ni heshima.”

“Lakini jikoni anafukuzwa,” Peris akasema, na miguu yake ikasimama kabla hajaiamuru. “Madam, huyu angekuwa mtoto wa kaka yangu ningekuwa nimeshamchapa. Mimi ni Peris. Ni mtu wa Uganda na kibali sina. Lakini kila siku saa kumi na moja asubuhi nilikuwa ninawasha moto wake, na ni yeye alikuwa ananituma. Kama hiyo si kazi, aniambie ni nini.”

Mukhisa akaanza kujipepea kwa pindo la koti.

“Mama, sitakudanganya,” Wakiuru alisema. “Kesi ya mtu asiye na kibali, sijui mahakama itaionaje. Ya mwajiri wako najua.” Akamgeukia Mukhisa. “Andika barua ya kumrudisha, na leo hii mkaanze kuomba kibali. Ama niandike mimi.”

Mukhisa akaomba karatasi. Tena, tangu Rosaline ashike jiko, wateja walikuwa wanavuka barabara kwenda kwa jirani.

Barua ikapigwa muhuri. Nje wakapanda pikipiki moja kwenda uhamiaji, Peris nyuma, ameshika koti la Mukhisa asije akaruka njiani.

“Huyu ni mamako?” mwenye pikipiki akauliza.

“Ni mfanyakazi wangu,” Mukhisa akanong'ona.

“Sema kwa nguvu,” Peris akamwambia. “Injini inapiga kelele.”