Kivumbasi Nyuma ya Mabati

Karakana nzima ya maseremala ilimwita Bi Pua, na si kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida tu, tena ndogo. Ila ukisimama mlangoni pa jiko lake umevaa soksi za jana, alikwambia bila hata kugeuka, "Wewe, toka na hizo soksi!" Aliwapikia mafundi chai na maharage, na hakuna sufuria iliyoepuliwa kabla ya kutiwa kijitawi cha kivumbasi alichochuma chini ya dirisha la chumba chake. Kichaka hicho alikipanda mwenyewe, akakilea kwa maranda yaliyooza na maji aliyooshea mchele. Mtu wa pale uani akishikwa na mafua, njia ilikuwa moja: "Nenda kwa Bi Pua akupe kivumbasi ujifukize."

Na mama yake mzazi, aliyekaa naye chumba kimoja, kila akinywa chai alisema, "Hakuna kivumbasi kama cha binti yangu." Bi Pua aliweza kuishi juma zima kwa maneno hayo.

Kisha kaka yake akaoa, akahamia chumba cha ng'ambo ya ua. Mkewe alikuwa msusi, mcheshi, mwenye kicheko cha kuwatoa watu vyumbani. Alipofika tu akamwomba wifi yake tawi moja apande. Bi Pua akampa, lakini akachagua lile la chini kabisa, lililolegea kama mlevi. Likashika!

Tena halikushika tu. Mvua moja ilipopita, kichaka cha msusi kilikuwa kimejaa na kuviringana kama nywele za mtoto anayekimbia kitana. Kila asubuhi Bi Pua alikipita na ndoo yake, na roho ikimwuma. Wateja wa kusuka walikaa kando ya kichaka hicho kutwa, na vidole vyao havikutulia: huyu ananyofoa ncha, yule ananyofoa ncha, wanasugua, wananusa, wanatupa.

"Wanakiua," alijisemea, na kusema kweli alifurahi. Lakini hakikufa.

Kilichomchoma hasa ni kwamba mama naye alianza kubeba kigoda chake kwenda kukaa huko.

"Mama, mbona siku hizi hukai kwangu?"

"Kwako kuna nini, mwanangu, zaidi ya sufuria? Kule kuna umbea."

Basi. Bi Pua akaokota mabati chakavu karakanani, akakizungushia kichaka chake. Fundi mmoja aliyemsaidia kupigilia misumari akauliza, "Bi Pua, umefuga simba?"

"Nimefuga changu."

Tangu hapo hakuna aliyegusa jani, hata yeye mwenyewe. "Leo maharage yamekuja peke yao?" mafundi walimtania. Alitaka kichaka chake kikue hadi mama akione hata akiwa amekaa kule kwa mkwewe.

Na kweli kikarefuka. Kikapita mabati, kikafika kwenye nondo za dirisha, kikatoa mashada ya maua. Bi Pua akapita mbele ya msusi kwa madaha.

"Wifi, umekiona?"

"Nimekiona, wifi yangu. Lakini huchumi?"

"Changu si cha kuchezewa na kila mpita njia."

Msusi akarudia nywele za watu.

Baridi ilipoingia, mama akapata mafua. Kifua kikakoroma kama msumeno butu. "Nifukize, mwanangu," akasema. Alisema mwanangu, hakumtaja mkwe! Bi Pua alitamani ua mzima usikie. Akabandika maji, akatoka mbio, akang'oa bati moja, akanyoosha mkono. Shina lilikuwa gumu kama kuni. Majani yamekuwa madogo, yana manjano ukingoni. Akayasugua kiganjani, akanusa. Akanusa tena. Nyasi kavu! Nguvu yote ilikuwa imekwenda kwenye maua, na maua yamegeuka mbegu.

Angeweza kuyatia sufuriani hivyo hivyo. Nani angejua? Mama pua imeziba. Lakini yake haikuziba, na kile kifua alikisikia hadi nje.

Akavuka ua, akainama kwenye kichaka cha wifi yake upesi upesi, kama mwizi wa kuku.

"Wifi." Msusi alikuwa mlangoni, kitana kimechomekwa kichwani. "Chukua ncha za juu. Ukikata moja zinatoka mbili."

"Nani alikufundisha?"

"Nifundishwe na nani? Ni hawa wateja wangu na vidole vyao."

Bi Pua akanyofoa ncha za juu. Yeye na mabati yake, na misumari, na maji ya mchele! Mwenzake kichaka chake kimelelewa na watu wanaopiga soga.

Msusi akamfuata na shuka zito. Wakamfunika mama juu ya sufuria, wakangoja. Mara sauti ikatoka chini ya shuka: "Aaah! Pua imefunguka. Nilijua tu. Hakuna kivumbasi kama cha binti yangu."

Wifi mtu na wifi yake wakatazamana.

"Kweli, mama," msusi akasema taratibu. "Wifi ana mkono."

Wala hakukonyeza. Hata wema huo Bi Pua akauonea wivu. Akabana meno. "Ni cha wifi, mama. Changu kimekuwa kuni."

"Cha nani, cha nani! Fungeni mlango, mvuke unatoka!"

Asubuhi Bi Pua akang'oa mabati yote, akakikata kichaka chake hadi usawa wa magoti. Machipukizi yalipotokeza, akatoa benchi lake nje na kumwendea msusi.

"Wifi, niazime wateja wawili wakae upande wangu."

"Utawasuka wewe?"

"Nywele suka mwenyewe. Mimi nataka vidole."

Msusi akacheka kile kicheko chake, na mama akatoka na kigoda, akasimama katikati ya ua. "Umbea leo uko upande gani?"

"Kwangu!" Bi Pua akajibu, kabla wifi yake hajavuta pumzi.