Kompyuta ya Baba na Posa Yangu

Baba alipopunguzwa kazi, miaka ile ya soko huria ambapo serikali iligundua kwamba ina makarani wengi kuliko mafaili, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alirudi na kompyuta. Mradi mmoja wa wafadhili uliokuwa jirani na masijala yake ulifunga virago ukagawa vitu vyake vichakavu, na baba, ambaye kwa miaka mingi aliwatunzia barua bila kupoteza hata moja, akapewa mashine hiyo kama ahsante. Ilifika kwetu Unyambwa juu ya mkokoteni wa punda, imeviringishwa blanketi. Majirani wawili walitufuata hadi mlangoni kutupa pole, wakidhani tumeleta mgonjwa.

Hawakukosea sana. Ilikuwa imezeeka kabla hatujaiona. Lakini baba aliiweka sebuleni mahali pa heshima, na mama akaifumia vitambaa viwili vyeupe vyenye maua, kimoja cha kioo na kimoja cha boksi. Nyumbani kwetu kitu kinachotumia umeme hakikai uchi. Baba alipofanya kazi aliivua kioo tu. Boksi lilibaki limevaa, maana upepo wa Singida unajulikana, na mama hakutaka vumbi liingie humo ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa ukoo. Shangazi yake baba, ambaye sisi tulimwita bibi, alikaa kwetu mwaka wake wa mwisho, na ndiye pekee aliyebaki akijua nani alizaliwa na nani. Alisimulia kwa Kinyaturu akichambua mboga. Baba akaandika kwenye madaftari, kisha akahamishia kwenye kompyuta kwa Kiswahili cha ofisini, kwa kidole kimoja, mstari mmoja kwa mchana mzima. Juu kabisa aliweka kumbukumbu namba, chini yake akaandika YAH: NASABA YA UKOO. Bibi alizikwa akiwa amekwisha kusema yote. Baba akatangaza kwamba sasa tuko salama, yote yamo kwenye mashine. Mama, mtu wa kutopoteza kitu, akachukua yale madaftari akampa mama mmoja muuza karanga wa pale stendi, awe anafungashia karanga zake. Ukoo wetu uliondoka Singida kwa mabasi, ukiwa na chumvi kidogo.

Mtasema, hakuwa na nakala? Alikuwa nayo, kwenye flopi, kile kisahani chembamba cha kompyuta ambacho hata mkwaruzo hukiua. Ila baba ni mtu wa masijala, na kwa mtu wa masijala kitu kisicho kwenye faili hakipo. Aliitoboa ile flopi matundu mawili kwa kifaa chake cha kutobolea karatasi, akaifunga kwa uzi ndani ya faili, akaandika na tarehe juu. Ilikaa vizuri sana.

Kisha Jumamosi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikatoa harufu ya ndala iliyoangukia kwenye jiko la mkaa. Kioo kikawa cheusi. Baba aliitazama kidogo, akaivika kitambaa chake, akaenda kuangalia alizeti yake. Nilimwona ametulia kupita kiasi. Nikasema moyoni, maskini, ni mshtuko.

Haukupita mwezi, ikaja posa yangu.

Kijana alikuwa na duka dogo la vifaa vya ujenzi mjini, kwao ni Issuna, na mimi nilimpenda. Ninaliandika hilo waziwazi maana katika mambo yote ya siku zile ndilo pekee lililokuwa halina utata. Wazee wake walileta barua, wakapokelewa vizuri, wakala, wakaondoka. Ndipo baba mdogo akasafisha koo akasema kwamba kama hakosei, kuna bibi yetu mmoja aliolewa huko Issuna zamani, na isije ikawa tunamwoza binti kwa kaka yake. Kwetu watu wa tumbo moja hawaoani, wao wala uzao wao, mpaka undugu usahaulike. Na huu, baba mdogo alisema, yeye bado anaukumbuka kwa mbali.

Wote wakamgeukia baba. Baba akasema suala hilo limo kwenye kompyuta, na kompyuta haifanyi kazi, kwa hiyo tusubiri.

Nilimfuata uani. "Baba, si wewe mwenyewe uliyeandika? Hukumbuki?"

"Karani hakariri mafaili," alisema. "Kazi yake ni kutunza."

Nilikasirika hata nikashindwa kula. Bibi mwenyewe alinipenda, alinisuka nywele, angejua kuna tatizo angesema. Nilikuwa na hakika mashine ile ingenisafisha. Kilichotakiwa ni kuifufua tu, na kama baba alikuwa radhi kukaa anatazama alizeti wakati maisha yangu yamefunikwa kitambaa cha maua, basi mimi sikuwa radhi.

Nikamleta fundi redio wa mjini, mzee wa rika la baba, ambaye siku zile alikuwa ameongeza neno "kompyuta" kwenye kibao chake kwa rangi tofauti. Alisema hakuna cha kuogopa, kompyuta ni redio iliyokwenda shule. Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na vumbi, mende wakavu, na nyuzi nyeupe za kitambaa zilizosokotwa kwenye feni kama pamba kwenye kijiti cha kusokotea uzi.

"Mama," alimwambia mama kwa upole, "huyu alikuwa na homa, na wewe ukawa unamfunika."

Mama alijibu kwamba redio inafunikwa na haijafa, akaingia jikoni, na chai ya siku hiyo haikuwa na sukari. Fundi alionyesha pale palipoungua. Ilikuwa pawa saplai, hilo boksi dogo linalopokea umeme na kuugawa. Singida nzima, alisema, haipatikani.

Mchumba wangu aliposikia alifanya nini? Akafunga duka siku mbili. Alikuwa na mjomba anayekamua mafuta ya alizeti Iguguno, na kwenye ofisi ya mashine yake ya kukamulia kulikuwa na kompyuta iliyokufa ugonjwa mwingine. Akaenda, akabembeleza, akafungua pawa saplai kwa mkono wake, akarudi nayo kwenye kikapu pamoja na kuku. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo baba," akiwa ameinama hadi nikamwonea huruma. Baba akamwitikia marahaba. Kuku, baba alimpokea kwa mikono miwili. Pawa saplai alimwambia aiweke tu hapo chini. Mchumba hakukaa, maana mtu ambaye posa yake haijajibiwa hakai sebuleni kwa wakwe, akaondoka anatabasamu peke yake.

Fundi akafunga ile pawa saplai. Feni ikazunguka, mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza. Akaizima, akatoa kipande chembamba chenye meno ya shaba, akasema hii ndiyo kumbukumbu yake, meno yamepata kutu, naomba kifutio cha penseli. Baba alifungua droo, akapekua, akafunga, akasema hana. Hana! Baba aliyetoka kazini na boksi zima la vifutio vya serikali? Nikaenda chumbani kwake, nikalileta, nikaliweka mezani kwa kishindo. Alinitazama, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Fundi alisugua meno yale kama mtu anayemswakisha mtoto, akarudisha, akawasha. Kioo kikaja. Kwanza kikatuambia tuko mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa, kisha kikakubali. Niliruka. Mama akatoka jikoni akasema umeona, na kitambaa changu hakikuua mtu. Akamchukua fundi akampe chai, safari hii yenye sukari.

Tukabaki mimi na baba. Akavaa miwani, akafungua NASABA YA UKOO bila kutafuta, akashuka hadi ukurasa wa tatu, akaondoa mkono. "Soma," alisema.

Nilisoma. Kwa Kiswahili kile cha ofisini ilikuwa imeandikwa kwamba mama mzazi wa bibi, na mama mzazi wa babu yake mchumba wangu, kwa jina na kwa kijiji, walizaliwa tumbo moja, na kwamba msimuliaji alisisitiza jambo hilo mara mbili.

Nikasema, "Ulijua."

"Niliandika siku mbili mstari huo. Nitaacha kujua?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Baba alivua miwani, akaifuta kwenye shati. "Ningesema, ningekuwa nimekukatalia. Nikinyamaza, nasubiri kompyuta. Faili likikosekana kabisa, shauri huamuliwa bila faili, ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote. Nilikuwa nangoja mavuno yaishe niwaambie wazee kwamba kumbukumbu haipatikani, wapokee mahari." Akairudisha miwani usoni. "Nyinyi wawili mmekuwa na bidii sana."

Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Nikamwambia basi tuseme haijafufuka. Akatikisa kichwa. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuharibu waraka, na hawezi kuanza na maneno ya shangazi yake. Akasimama, akasema fundi anaondoka, ngoja amsindikize. Alitoka na fundi. Dirishani nikawaona wanapita kona ambayo baba huwa anaishia kusindikiza watu, wanaendelea. Mashine ilikuwa inawaka, na kitambaa kilikuwa mikononi mwangu.

Mstari mmoja ungetosha kuufuta. Hilo nalijua, na nilijua wakati ule. Lakini mstari ukikosekana nafasi yake inauliza maswali, na niliogopa baba akirudi nitakosa ujasiri. Nikafuta yote. Bibi na mama yake, na kina mama wote aliowataja akichambua mboga, wakaondoka mara moja. Baba aliporudi alisimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Baba, hakuna kitu." Akasema, "Basi hakuna," akaifunika mwenyewe, vitambaa vyote viwili.

Kwa wazee ilisemwa kwamba mashine iliwaka, lakini umeme wa ile pawa saplai ulikuwa mbaya, umekula maandishi. Baba mdogo aliguna, akasema hata yeye pengine anachanganya. Nikaolewa baada ya mavuno.

Baba ametangulia, na baba mdogo pia. Wanangu wakiletewa na mwalimu kazi ya kuandika majina ya mababu, wanafika kwa babu yangu na kukwama, na hapo mume wangu huinamisha kichwa. Anawaambia kosa ni lake. Anawaambia alikuwa kijana, alikuwa na haraka ya kuoa, akaleta kifaa kibovu kutoka Iguguno kikaunguza ukoo wa mama yao. Miaka yote hii ananiomba radhi, hata kwenye msiba wa baba aliniomba, na mimi namwambia yamepita.

Yeye ni mtu wa kusoma, na haya atayasoma. Ajue kwamba kifaa chake kilikuwa kizima.