Uji Niliousukuma kwenye Mpira wa Amosi

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, ingawa sina hakika kama naikumbuka yote sawasawa. Nimesikia mwanao naye analishwa kwa mpira, na wiki hii tumbo linamsumbua. Ndiyo maana naandika, japo kuandika si kazi yangu.

Amosi, mzaliwa wangu wa kwanza, hakuweza kumeza. Alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni, chakula kikimiminwa kwenye bomba la sindano lililochomekwa mwisho wake. Yeye alikuwa na miaka mitatu, mimi ishirini na mbili, tukiishi Mlali, na uwele ulikuwa unavunwa. Akaharisha na kutapika siku tatu. Muuguzi wa zahanati akaniambia nimpe maji ya ORS kidogo kidogo. Akasema, "Kutapika kukikoma, mrudishie uji wake aliouzoea, kidogo kwanza. Akiukubali ndipo uongeze. Bomba lishike juu, uji uteremke wenyewe. Usisukume." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Siku ya nne, Jumapili hiyo, kutapika kulikoma, akatabasamu. Siku hiyohiyo wageni wakaja kutupa pole, na mama mkwe akaja na unga mpya wa uwele. Kwetu mtoto aliyetoka kuugua hapewi kitu chepesi mbele ya wageni. Anapikiwa uji mzito wa uwele wenye karanga, watu waone nyumba ina chakula. Mimi nilikuwa nimeshika maji ya ORS.

"Mama Amosi," jirani mmoja akasema, "huyo unamlisha au unamwagilia mchicha?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mama mkwe alisema tu, "Mjukuu wangu amekonda." Wapo ndugu wanaodai alinilazimisha. Si kweli, nisimsingizie.

Nikainuka, nikapika. Nikamlaza chali mapajani, nikamimina uji kwenye bomba. Ukakataa kushuka. Macho yote yalikuwa kwangu, basi nikachomeka mchi wa bomba, nikausukuma uji kwa kiganja. Ukagoma, halafu ukaachia ghafla, wote ukaingia kwa mara moja. Akatapika, akapaliwa, midomo ikabadilika rangi. Mimi niliganda. Mama mkwe ndiye aliyemgeuza ubavu, akamfuta kinywa, akapiga kelele iitwe pikipiki.

Uji ulikuwa umeingia mapafuni. Tulikaa hospitali wiki mbili. Daktari hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Siku moja, tumekaa kwenye benchi, mama mkwe akaniambia taratibu, "Mwanangu, siku ile ulikuwa unawalisha wageni." Kisha akaongeza, "Na mimi nilikuwa mmoja wao."

Amosi alipona, Mungu ashukuriwe. Ila kila nilipolichukua bomba aligeuzia uso ukutani. Akilishwa na bibi yake, alitulia. Ilichukua karibu mwaka. Pengine hakukumbuka chochote, mtoto mdogo vile. Pengine ni mimi niliyejionea hivyo. Lakini niliona.

Basi, mwanangu, fuata ulichoelezwa na waliomwekea mwanao mpira, hata jirani akicheka. Tumbo likichafuka, maji kidogo kidogo. Likitulia, chakula kilekile alichozoea, polepole, kichwa kikiwa juu. Kikikataa kushuka, usisukume, uliza. Akiendelea kutapika, akikaa muda mrefu bila kukojoa, au akilegea, nenda hospitali; usingoje kesho. Na wageni wakaribishe vizuri, wapikie huo uji mzito wanywe wao. Nilichelewa kulijua hilo, na sijui kama nimelijua vya kutosha.

Mungu akutulize mkono, na mwanao akutazame usoni kila unapomlisha.