Siku Nilipokalia Mikono Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, mwanangu, mama mmoja aliponiamuru nikalie mikono yangu kama mtoto mtukutu darasani. Nilikuwa assistant, mhadhiri msaidizi, wa chuo hapa Bukavu, kijana aliyejiona anajua kompyuta kuliko mji mzima.

Mapigano ya bonde la Ruzizi yalikuwa yamefunga barabara ya Uvira, na kule walikwama wanafunzi wetu wanane wa mwaka wa mwisho. Kazi zao za kumaliza masomo walikuwa wameziandika kwa kalamu. Chuo kilizitaka zikiwa zimepigwa chapa kabla jury, jopo la watahini, haijakaa, la sivyo mwaka wao ungepotea. Parokia moja ya kule ilikuwa na kompyuta na antena ya setilaiti, nami nikapewa kazi ya kuwafundisha kwa intaneti: maandishi matupu, bila sauti wala picha, saa moja kila asubuhi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta.

Siku ya tatu, Rehema, mmoja wa wale wanane, binti wa mfanyabiashara, aliyekuwa akiwapigia wenzake chapa, akaniandikia: "Assistant, kurasa kumi zimekimbia. Hata hazikuaga."

Hakuwa amezihifadhi. Nikapandwa na hasira, nikamjibu: "Basi nitumieni maneno hapa hapa, mstari kwa mstari. Mimi nitayapanga." Niliamini nimewaokoa. Ukweli, mwanangu, nilikuwa nimewachoka.

Nyuma yangu alisimama Maman Sifa, sekretari wa fakultee, aliyewafundisha vijana wengi mashine ya kuandikia nikiwa bado nanyonya.

"Assistant, weye unafundishaka ao unafanyaka mu nafasi yao?"

"Maman, wakati umetuishia."

"Na diplome itakuwa ya nani? Ondoka ku clavier. Kalia ile mikono!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaiondoa kwenye kibodi, nikaikalia.

Akavuta kiti. "Sema, niko naandika." Nilipoanza kumwaga maelekezo matano kwa pumzi moja, akanikata: "Kitu kimoja! Mutu wa Uvira hawezi ona kidole yako."

Nikatafuta maneno. "Juu, upande wa kushoto, kuna picha ndogo ya disketi, ibonyezeni." Maman akaituma sentensi hiyo peke yake. Tukangoja. Mikono iliniwasha chini ya mapaja, mwanangu, sijawahi kuona dakika ndefu namna ile.

"Disketi hatuoni," Rehema akajibu. "Kuna kitu kama redio ndogo."

"Njo iyo!" Maman alipiga kelele, kana kwamba wangemsikia.

"Sasa inauliza jina."

"Muipatie jina," Maman akaandika.

"Tumeiita Mukaidi. Imekubali!"

Tukaendelea hivyo, hatua moja kila mara, hadi siku walipojua kuambatisha faili kwenye barua pepe. Kesho yake mapigano yakaukaribia mji wao na mtandao ukafa. Siku tano hatukupata hata herufi moja. Jury ilibakiza siku mbili, nami sikuwa na mstari wao hata mmoja wa kupanga. Kama wangekuwa bado wananitegemea mimi, mambo yangeishia hapo.

Asubuhi ya sita mtandao ukarudi, nikafungua sanduku la barua pepe. Kazi moja. Ya pili. Ya tatu ikaingia nikiwa bado naitazama ya pili. Vichwa vya habari vilikuwa vimeyumba, herufi za Kifaransa hazikuwa na alama zake, lakini zilifika zote nane! Chini ya kazi ya mwisho Rehema alikuwa ameandika: "Assistant, kila mutu amepiga yake. Sikumupigia hata mumoja."

Maman Sifa alipiga vigelegele hadi doyen, mkuu wa fakultee, akatoka ofisini akidhani kuna harusi. Jury ilizisoma zote, na wote wanane wakapita.

Sasa wewe, mwanangu, unayekaa mbele ya skrini kuwafundisha wenzako walio mbali kuwasha, kuandika na kuhifadhi: usimfanyie mtu jambo analoweza kujifunza. Mweleze kitu kimoja, kisha umngoje. Akikosea, tafuta neno lililo wazi zaidi, wala usimnyang'anye kazi yake. Siku itakapokatika njia kati yenu, atabaki na kile tu alichokifanya mwenyewe.

Mungu akupe maneno mepesi na moyo wa kungoja. Wale unaowafundisha wakupite, nawe uwe wa kwanza kuwapigia vigelegele.