Mgawa maji wa Vudee anayefuata bila kupandisha

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Vudee inauma masikio, na Evance Mgonja amesimama peku kwenye ukingo wa ndiva, suruali kaikunja hadi magotini. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe. Usiku kucha linakusanya maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa ili maji yateremke kwenye mfereji hadi mashambani. Evance anachomeka fimbo majini, anaitoa, anaitazama. Vimepungua vidole viwili kufika kwenye alama.

"Bado," anasema.

Nyuma yake wapo watu kumi na wanne wenye majembe, na neno hilo hawakulipenda hata kidogo. Mmoja anaguna. Mwingine anauliza kama na maharage yake nayo yaambiwe "bado". Evance anacheka nao, anakaa juu ya jiwe na kumimina chai kutoka kwenye chupa.

Siku nyingine kicheko hicho kingetosha. Leo hakitoshi, maana saa nane mchana wakulima wa mfereji huu wanamchagua mgawa maji, na Evance, mwenye miaka 39, anaweza kuvuliwa kazi anayoipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Wengi wa wanaomnunia wana mashamba huku juu, ambako maji hufika hata ndiva ikifunguliwa nusu. Ni wale wa chini wanaokauka, kwa sababu maji yasiyo na nguvu hunywewa na udongo wa mfereji kabla ya kuwafikia. Angefungua sasa hivi, angejizolea kura. Anakunywa chai.

Na jamani, huyu si mtakatifu. Ana dhambi moja inayojulikana kijiji kizima: anacheza karata.

Kwa miaka sita alikuwa mgawa karata kwenye kasino moja jijini Arusha, shati jeupe, tai ya kipepeo, mshahara wa Sh380,000 kwa mwezi. Kasino ilipofungwa wakati wa korona alirudi nyumbani na mkewe, Jenifer. Chama cha mfereji kikampa fimbo na posho ya Sh70,000. Pesa nyingine anaitafuta kwenye kilimo cha tangawizi. Ila poka haikumtoka, na kila Novemba anakwenda Moshi kushindana hotelini.

Kwa msomaji asiyeijua poka: unapewa karata mbili za siri. Kabla karata tatu za kwanza hazijafunuliwa mezani, mwenzako akiweka dau, una njia tatu. Unajitoa, unafuata kwa kuweka kiasi kilekile, au unapandisha juu yake. Kwenye mashindano, vipande vyako vya kuwekea dau vikiisha, umeaga. Evance ni mtu wa kufuata.

"Nimegawa karata miaka sita nikiwa kimya, natazama tu," anasema. "Nimeona wanaume wakipandisha kwa hasira, kwa sifa, kwa sababu kuna dada anawaangalia. Mimi nalipa kidogo nizione zile tatu. Hapo ndipo naamua."

Mwaka jana tabia hiyo ilimletea balaa. Wakiwa wamebaki wachezaji tisa, Evance alishika malkia wawili, karata ambazo wengi wangepandisha wakiwa wamefumba macho. Yeye akafuata. Kijana mmoja wa Vudee aliyekuwa hotelini akarekodi hapo, akarusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kilichofuata hakukirekodi: karata tatu zikafunuliwa, mbili zikiwa wafalme. Jamaa aliyekuwa ameweka dau akasukuma vipande vyake vyote, Evance akajitoa, na yule bwana akafunua mfalme wa tatu. Evance aliokoka, akamaliza wa nne. Zawadi yake akamnunulia Jenifer simu.

Kijijini lakini waliona nusu ile ya kwanza tu. Anderson Mchome, ambaye shamba lake ndilo la juu kabisa, hajawahi kushika karata maishani, ila tangu siku hiyo amekuwa profesa. Mtu ana malkia wawili na bado anaogopa, anasema, ndiyo maana hata ndiva anaogopa kuifungua. Anderson ndiye mpinzani wake leo.

Saa moja na robo maji yanagusa alama. Evance anang'oa kizibo, kisha anayafuata maji kwa miguu, akitoa majani na mawe mferejini, mwendo wa karibu saa nzima. Shamba la mwisho ni la Mama Dorkas, mwenye miaka 71, mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye hataki kusikia habari ya karata. Yupo kwenye maharage yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

Mama anatazama maji yanavyoingia kwenye tuta la mwisho. Evance hamwombi kura.

Mchana, mkutanoni, Anderson anaahidi kufungua ndiva saa kumi na mbili kamili kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Wa juu wanapiga makofi. Ndipo Mama Dorkas anaposimama na kumuuliza Evance swali moja tu: kama ataapa, mbele ya wote, kwamba hatakwenda tena kwenye karata.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Novemba iko mbali. Jenifer, aliyekaa mbele yangu, anainamisha kichwa. Anamjua mumewe.

"Siwezi kuapa, mama, nitakuwa nakudanganya," anasema Evance. "Nitakwenda. Na mwaka huu mashindano yameangukia Jumapili. Nitasali ibada ya kwanza, halafu niende."

Watu wanavuta pumzi. Kura hapa ni ya kusimama: unakwenda upande wa unayemtaka. Wa juu wanajipanga kwa Anderson, kumi na tisa. Wa chini wanabaki wamekaa, wakimtazama mama yao. Mama Dorkas anaokota kanga yake, anaifunga kiunoni polepole, anatembea mpaka kwa Evance na kusimama kando yake. Wa chini wanainuka mmoja mmoja. Ishirini na tatu.

Evance anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, wala hafichi. Mpango wake, ananiambia, ni mdogo: kujengea saruji kipande cha mfereji kinachovuja, kisha Moshi, na safari hii amalize juu ya nafasi ya nne. Je, akipata tena malkia wawili? Atafuata.

Mama Dorkas, aliyekuwa akisikiliza, anamshika mkono.

"Nitakuombea, mwanangu," anasema. "Nitakuombea uende salama, urudi salama, na usishinde."

"Nikirudi mikono mitupu, mama, nitajua aliyeniponza ni nani."

"Utakuwa umejua," anasema mama, na mkono hauachii.