Siku Nilipopiga Filimbi Kwenye Ghala la Pamba

Aibu niliyoipata pale kijijini Dutwa mbele ya watu wote wale bado inanichoma, na mkinicheka leo chekeni tu, lakini mjue nasimulia kwa hasira.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye lori ananunua pamba na kila mwenye spika anauza dawa. Mnadani alikuja jamaa mmoja mwenye koti jeupe (nani alimpa, sijui) anauza maji ya kahawia kwenye chupa. Nikamwambia nina pumu tangu utotoni.

"Mayu, askari wa mwili wako wamelala," akasema, na mayu kwa Kisukuma chetu ni mama. "Hii inawaamsha. Ila usichanganye na dawa za hospitali."

Basi mimi, mtu mzima na akili zangu, nikanywa wiki nzima, dawa za hospitali nikaziweka kando, na siku ya kwaya yetu kuimba kwenye ufunguzi wa ghala la mnunuzi mpya, ile pampu yangu ya kuvuta nikaiacha nyumbani.

Wakatupanga ndani, mbele ya mlima wa pamba, vumbi linaelea kama moshi, na mimi ndiye mwanzishaji wa wimbo. Nikashika kipaza sauti, nikavuta pumzi, kifua kikabana, na badala ya wimbo ikatoka filimbi, fiii, spika zikaipeleka hadi barabarani. Watu wakacheka. Nikajaribu tena (ubishi wangu huo), ikatoka ndefu zaidi, nikarudi nyuma nipate hewa, nikajikwaa, nikaangukia kwenye pamba chali, miguu juu, na kila nikihangaika nazidi kuzama na kumeza vumbi.

Sasa sikilizeni. Yule jamaa alikuwepo. Akachukua kipaza sauti changu, akatangaza, "Msiogope, dawa inafanya kazi, askari wameamka." Mimi nakufa, yeye anauza.

Mume wangu ndiye aliyenivuta, akanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati, sare ya kwaya imejaa pamba kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Nilipopata nafuu, mganga wa zahanati akauliza nilikunywa nini, nikamweleza habari ya askari. Hakucheka.

"Wako hawajalala, mayu, ni wakali kupita kiasi," akasema. "Kwenye njia za hewa kuna chembe za kinga zinazolinda. Kwa mwenzako vumbi likiingia zinaliacha, anakohoa, yameisha. Zako zinaliona adui, zinamwaga kemikali, njia inavimba na kubana, halafu zinaita chembe nyeupe nyingine kutoka kwenye damu, nazo zinaongeza uvimbe. Dawa yako ya kila siku inazituliza, pampu inafungua njia. Wewe umeacha vyote."

Mnada uliofuata nikamfuata yule jamaa, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba nusura aniue. Akaniangalia kwa huruma ya uongo, akasema kwenye spika, "Dada yetu huyu alikatisha dozi." Watu wakatikisa vichwa, wakaendelea kupanga foleni. Nikaondoka zangu.

Tangu siku hiyo nimeapa: kwenye ghala la pamba siimbi hata aje rais, na pampu naifunga kwenye pindo la kanga hata nikienda chooni. Na mwenye koti jeupe asiye na zahanati asinisogelee, nitamvua.